Raia wanane, fisi watatu: uchambuzi wa mchezo mmoja wa kundi la Dodoma

Usuli

Kisa hiki kinahusu mchezo mmoja wa kumsaka fisi uliochezwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Dodoma, nami nikiwa mwendeshaji. Katika mchezo huu wachache wanapewa kwa siri nafasi ya fisi, waliobaki ni raia: usiku fisi wanamla mtu mmoja, mchana wote wanapiga kura ya kumtoa wanayemshuku kuwa fisi. Mwendeshaji hachezi. Anagawa nafasi kwa siri, anatangaza aliyeliwa usiku, anahesabu kura, na anasoma kila kinachoandikwa, pamoja na mazungumzo ya fisi kwenye kundi lao la pembeni. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu nia za fisi sikuyakisia. Waliyaandika wenyewe, na wamekubali niyatumie. Majina yote hapa ni ya kubandika, na kazi za watu nimezibadili, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe ndiyo iliyomponza mtu.

Kundi ni la watu wazima wa rika mchanganyiko. Wengi walikuja Dodoma kikazi katika miaka iliyofuata Julai 2016, Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia kweli kwenye makao makuu yaliyoamuliwa tangu 1973. Wanakaa Nkuhungu, Kisasa, Iyumbu, Area D. Baadhi wanashinda Mtumba kwenye ofisi za wizara. Wapo pia wenyeji wenye mashamba, na wanafunzi wawili watatu wa chuo. Jioni watu wakishafika nyumbani na kula, ndipo mchezo unapochangamka.

Asili ya mchezo ni Moscow ya miaka ya 1980, kwa Dmitry Davidoff, aliyekuwa akisoma saikolojia chuo kikuu huko, naye aliuita Mafia. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akauvisha ngozi ya mbwa mwitu, na kwa sura hiyo ukaenea sana mtandaoni. Sisi tumemweka fisi, ambaye huku katikati ya nchi hahitaji kutambulishwa kwa mtu. Vijana wetu waliujua kwanza kupitia mchezo wa video wa Among Us, uliotoka 2018 na kuvuma 2020, lakini kule mtu anaweza kusema "nilikuona chumba fulani ukitoka". Kwenye kundi la maandishi hakuna chumba wala maiti. Kuna maneno na kuna kura, basi.

Jambo moja lishikwe kabla ya yote, kwa sababu uchambuzi wote unalitegemea. Fisi wanajuana. Kwa kuwa wanajuana, wanamjua pia kila asiyekuwa fisi. Raia hamjui mtu yeyote ila nafsi yake.

Kanuni na wachezaji

Wachezaji walikuwa 11. Fisi watatu: Mzee, Mhasibu na Dogo. Mwonaji alikuwa Mwalimu. Kila usiku anamtaja mtu mmoja, nami namjibu kama ni fisi au siye. Mlinzi alikuwa Wakili. Kila usiku anamlinda mtu mmoja asiliwe, ila hajilindi mwenyewe, na hamlindi mtu yuleyule usiku mbili mfululizo. Waliobaki ni raia wa kawaida: Muuguzi, Fundi, Dada Mkubwa, Mkulima, Shemeji na Mtani.

Mwonaji na mlinzi niliwaweka kwa sababu fisi watatu kati ya 11 ni wengi. Mwaka 2008 Mark Braverman, Omid Etesami na Elchanan Mossel walichapisha uchambuzi wa kihisabati wa mchezo huu. Walionyesha kwamba pasipo mpelelezi (kwetu mwonaji), wavamizi (kwetu fisi) wanaokaribia kipeuo cha pili cha idadi ya wachezaji wanatosha kufanya pambano liwe la nguvu sawa. Hesabu yao ni ya makundi makubwa, lakini ujumbe wake unafika hata kwa watu 11: wachache wanaojuana hawahitaji kuwa wengi.

Kura zinaandikwa hadharani, "KURA:" kisha jina. Zikizidi nusu ya waliobaki, siku inafungwa na mtu anatoka, na nafasi yake inatangazwa. Kabla ya hapo mtu anaruhusiwa kubadili. Hatutumii kura za kubofya za WhatsApp, maana ukibadili, ile ya kwanza inapotea, na mimi nataka ibaki. Kufuta ujumbe ni marufuku, kujadili mchezo inboksi ni marufuku, na aliyetoka hasemi tena. Fisi wakilingana na raia kwa idadi, wameshinda. Usiku wa kwanza haliwi mtu; mwonaji tu ndiye anayeuliza.

Usiku huo Mwalimu alimuuliza Dada Mkubwa. Si fisi.

Siku ya kwanza: anayesoma bila kusema

Siku ya kwanza raia hawana kitu mkononi, kwa hiyo wanashika chochote. Muuguzi alikuwa ametoka zamu ya usiku akalala mchana kutwa. Saa tisa aliandika: "Nipo wapendwa, nawasoma." Dada Mkubwa akamdaka hapohapo: "Mtu anayesoma bila kusema anasoma nini? KURA: Muuguzi." Shemeji akafuata, akaongeza kwamba ujumbe wote una tiki za bluu na bado mtu kala buyu. Wa tatu akawa Dogo, kwa mstari mmoja usio na maelezo.

Wakati huohuo Mtani alikuwa na lake. Wagogo na Wahehe wana utani wao wa siku nyingi, na Mzee na Mtani wanautumia kila siku ya Mungu. Akaandika: "KURA: Mzee. Fisi aliyezeeka ndiye anayejua njia ya zizini." Kundi likajaa vicheko. Mzee akajibu: "Mtani wangu, wewe ngoja tukuzike kwanza ndipo uongee." Kisha, baada ya kuitikia marahaba kwa wote waliomwamkia asubuhi, akampigia Mtani kura kwa sauti ya mtu aliyetafakari: huyu anapiga kelele ili tusiangalie kwingine. Muuguzi alipoamka jioni na kukuta ana kura nyingi akampigia Mtani ili ajiokoe. Wakili naye akampigia Mtani. Mwalimu peke yake akampigia Dogo, akisema kura isiyo na sababu inamtia shaka kuliko kimya.

Fundi akawa wa nne kwa Muuguzi, Mkulima wa tano. Ikabaki moja. Mhasibu akaja dakika za mwisho: "Sipendi, ila muda unaisha. KURA: Muuguzi."

Muuguzi alikuwa raia.

Usiku Dogo alitaka wamle Dada Mkubwa kwa kuwa anaongea sana. Mzee akamzuia: "Huyo mwacheni. Anatufanyia kazi bila mshahara." Wakamla Shemeji. Mwalimu alimuuliza Mtani, akapata jibu kwamba si fisi.

Siku ya pili: "Mtani mwacheni"

Walibaki tisa. Shemeji na Mtani walikuwa wamerushiana maneno siku iliyotangulia, kwa hiyo Shemeji kuliwa kulimwangukia Mtani. Dada Mkubwa na Fundi wakampigia kura asubuhi. Mtani safari hii aliacha mzaha, akamuuliza Mhasibu swali ambalo lilikuwa bora kuliko yote yaliyoulizwa hadi hapo: kwa nini kura iliyomtoa raia ilikuwa yako, na kwa nini ulisubiri hadi zifike tano? Akampigia. Mhasibu akajibu kwamba alikuwa kwenye kikao. Hakuna aliyefuatilia.

Mchana Mwalimu akaandika: "Mtani mwacheni. Nawaambia mwacheni, tutafute kwingine." Hakutoa sababu. Kwenye kundi la fisi Mhasibu akauliza: "Mmeona? Amejuaje?" Mzee akamjibu: "Amejua kwa sababu ameuliza."

Dada Mkubwa na Fundi walimwacha Mtani kama walivyoambiwa, lakini "kwingine" walikokwenda ni kwa Mkulima, ambaye alikuwa hajaandika hata neno moja. Alikuwa shambani, mavuno ya zabibu yamepamba moto na mtandao unakuja na kupotea. Kundi lilijua kwamba ana shamba, lakini hakuna aliyeliunganisha hilo na kimya chake. Wakili akasema huyu alipiga kura ya tano halafu akapotea, akampigia. Mzee akawa wa nne: "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Mhasibu akafunga, wa tano, kwa mara nyingine wa mwisho. Mwalimu alibaki na Dogo. Dogo alimpigia Fundi, peke yake.

Mkulima alikuwa raia. Mchezo ulipokwisha alituambia kwamba muda wote ule alikuwa anahesabu kreti.

Siku ya tatu: Dogo anatoswa

Usiku fisi walimwendea Mwalimu. Wakili naye alikuwa amelisoma lile "mwacheni" kama wao walivyolisoma, akamlinda. Asubuhi nilitangaza kwamba hakuna aliyeliwa, na kundi likalipuka kwa furaha. Mwalimu usiku huo alikuwa amemuuliza Dogo, na jibu lilikuwa fisi. Akajitokeza: yeye ni mwonaji, Dada Mkubwa si fisi, Mtani si fisi, Dogo ni fisi.

Dogo alikana, akadai Mwalimu ndiye fisi, akampigia kura. Fundi akaandika: "Subirini jamani. Na kama Mwalimu ndiye anayetuzunguka? Dogo ajieleze vizuri kwanza." Ujumbe huu ulimgharimu maisha siku mbili baadaye, kwa hiyo ukumbukwe.

Mwalimu na Mtani walishampigia Dogo. Wa tatu akaja Mzee, na hotuba: "Mwalimu hana sababu ya kujianika bure. Anayejianika usiku huu ataliwa, na anajua. Dogo, wewe ni mwanangu, lakini haki ni haki. KURA: Dogo." Dada Mkubwa na Wakili wakafuata, zikawa tano kati ya nane. Fundi hakupiga. Mhasibu alikuwa anaandika siku ilipofungwa, au ndivyo alivyosema.

Kundi la fisi dakika hizohizo lilikuwa hivi. Dogo: "Mzee unanitosa?" Mzee: "Umeshakufa, mwanangu. Acha kifo chako kitulishe."

Siku ya nne na ya tano

Mlinzi haruhusiwi kurudia, kwa hiyo Mwalimu akaliwa. Usiku huo alikuwa amemuuliza Fundi na kujibiwa kwamba si fisi, lakini aliyeliwa hasemi. Jibu likazikwa naye.

Walibaki sita, fisi wawili ndani. Wakili akajitangaza kuwa mlinzi na hakuna aliyempinga. Dada Mkubwa na Mtani walishasafishwa na mwonaji. Mtani akapiga hesabu hadharani: tuondoe mimi, Dada na Wakili; wanabaki Mzee, Mhasibu na Fundi; wawili kati ya hao watatu ni fisi. "Na Mzee yumo. Safari hii sitanii." Dada Mkubwa akajibu kwamba Mzee atolewe kwenye hesabu, ndiye aliyemmaliza Dogo. Mtu mwingine akatuma vicheko: Mtani haachi.

Ukishamtoa Mzee, jibu ni Mhasibu na Fundi, na ndivyo walivyoamini. Mtani, Fundi na Dada Mkubwa wakampigia Mhasibu. Mhasibu na Wakili wakampigia Fundi. Mzee akaweka ya nne kwa Mhasibu. Fisi wa pili akatoka. Kundi likaanza kushangilia mapema.

Usiku Mzee, sasa peke yake, alimla Mtani.

Siku ya tano walikuwa wanne: Mzee, Fundi, Dada Mkubwa, Wakili. Fundi alijitetea vizuri kuliko mtu yeyote katika mchezo mzima. "Dogo alinipigia siku ya pili. Mhasibu kanipigia jana. Fisi wawili wananipigia mimi, mimi ni fisi wa aina gani?" Wakili akasema fisi huchomana ili waonekane safi. Fundi akajibu: "Basi na Mzee kawachoma wawili." Hapo kundi lilinyamaza kwa muda mrefu. Aliyevunja kimya ni Mzee: "Mwanangu, na umri huu mimi nidanganye kwa ajili ya mchezo?"

Wakili na Mzee wakampigia Fundi. Dada Mkubwa alisita tangu alasiri hadi saa mbili usiku. Kisha: "KURA: Fundi. Samahani Fundi."

Matokeo

Fundi alikuwa raia. Usiku Mzee alimla Wakili, ambaye hana wa kumlinda, wakabaki yeye na Dada Mkubwa, mmoja kwa mmoja. Fisi wakashinda. Raia walikuwa wametoa fisi wawili kati ya watatu, na mwonaji wao aliuliza maswali manne akajibiwa manne. Kwa vifaa walivyokuwa navyo, ule ulikuwa mchezo wa kushinda.

Uchambuzi

Watazame raia watatu waliotolewa kwa kura. Muuguzi alinyamaza. Mkulima hakuwepo. Fundi alisita. Hakuna hata mmoja aliyetolewa kwa jambo alilolifanya. Wote walitolewa kwa kutoonyesha uhakika. Upande wa pili, aliyepona hadi mwisho ndiye aliyeandika kila mara kama mtu asiye na shaka. Nikirudi kwenye lile nililosema lishikwe: katika mchezo huu uhakika ni mali ya fisi. Raia mwenye akili timamu anatakiwa kuonekana hajui, kwa sababu kweli hajui. Kundi letu lilikuwa linawinda dalili za uraia na kuziita dalili za ufisi.

Ujumbe wa Fundi siku ya tatu ni mfano ulio wazi mno. Kwa Wakili, kusita kule kulikuwa kumtetea mwenzake. Lakini chukua nafasi ya fisi dakika ile. Unajua Dogo ni fisi, unajua kwa hiyo Mwalimu anasema kweli, na unajua Dogo hapiti. Kumtetea hakukupi kitu, kunakupaka matope tu. Fisi mwenye akili atafanya alichofanya Mzee: atakimbilia kumpigia. Mtu pekee mwenye sababu ya kuuliza "na kama Mwalimu anatuzunguka?" ni yule asiyejua Mwalimu ni nani. Swali lile lilimsafisha Fundi, na ndilo lililomwua.

Hapo ndipo inapoonekana bei ya kura ya Mzee. Raia walimpa sifa ya kummaliza Dogo bila kuuliza ilimgharimu nini. Dogo alishakwisha tangu Mwalimu alipojitokeza. Walikuwa wanane, fisi watatu tu, na mwonaji ambaye hakuna aliyedai nafasi yake, wala aliyemwita fisi zaidi ya mtuhumiwa mwenyewe. Kumtosa mwenzako aliyekwisha ni sadaka ya mali iliyopotea tayari. Kwa Mhasibu ilikuwa vilevile: Mzee alikuwa wa nne, zilipobaki moja tu kufika, na Mtani alishamtaja kama mshirika wa Mhasibu, kwa hiyo kutompigia kungekuwa kujichoma. Kura za kuzipa uzito ni zile zilizopigwa mapema, wakati mambo bado yanaweza kwenda kokote. Kwa kipimo hicho Mwalimu alimpigia Dogo siku mbili kabla ya kuwa na jibu lolote kumhusu, na Mtani alimpigia Mhasibu akiwa peke yake. Mzee hana kura kama hiyo hata moja katika mchezo mzima.

Hoja ya Wakili kwamba fisi huchomana ni ya kweli. Ubaya ni kwamba aliitumia upande mmoja. Fisi kumpigia Fundi kulihesabiwa kama hila, na Mzee kuwapigia fisi kulihesabiwa kama uadilifu. Kama hila ipo, ipo kwa wote wawili. Na ikishawekwa kwa wote wawili, inabaki kuangalia lini: Dogo alimpigia Fundi siku ya pili akiwa peke yake, kura isiyompeleka Fundi popote, lakini pia isiyomjengea Fundi sifa yoyote maana hakuna aliyeitazama. Siku ya nne Mhasibu alimpigia Fundi akiwa anapigania maisha yake. Kura ya mtu anayezama huwa ya kweli kuliko nyingine zake, kwa sababu anamtafuta raia wa kufa badala yake.

Kuna dalili mbili ambazo hakuna aliyezigusa. Ya kwanza iko siku ya kwanza. Kwenye kura sita zilizomtoa Muuguzi, fisi wawili walikuwamo, Dogo wa tatu na Mhasibu wa sita. Kama Fundi, aliyekuwa wa nne, angekuwa fisi, basi fisi wote watatu walijazana kwenye jeneza moja siku ya kwanza. Haiwezekani? Inawezekana. Ila fisi wanaojuana hupenda kugawanyika, ili atakayefichuliwa asiwavute wenzake. Mzee alikuwa upande wa pili, kwa Mtani, penye nafasi nzuri.

Ya pili ndiyo inayoniuma zaidi kama msomaji wa kura. Siku ya nne Wakili alijitangaza kuwa mlinzi. Mlinzi aliyejitangaza ni chakula cha wazi: hajilindi, na akiachwa anaweza kuokoa mtu. Fundi angekuwa fisi angemla Wakili bila kufikiri, tena Wakili alikuwa ametoka kumpigia kura. Badala yake akaliwa Mtani. Nani anafaidika Mtani akiondoka na Wakili akabaki? Yule ambaye Mtani anamshuku na Wakili anamwamini. Raia wanapoamka asubuhi huwa wanamwomboleza aliyeliwa. Nadra wanauliza nani ameachwa, na kwa nini.

Dada Mkubwa alikuwa na njia nyingine jioni ile, ambayo hakuifikiria. Angeweza kutopiga. Wakibaki watu wanne na fisi mmoja, kura ya kubahatisha inawapa raia nafasi 1 kati ya 4. Wakiiacha siku ipite na mtu mmoja akaliwa, wanabaki watatu, na nafasi inakuwa 1 kati ya 3. Idadi ikiwa shufwa, kuacha kupiga kuna faida ambayo watu hawaioni kwa kuwa inaonekana kama woga. Katika kisa hiki watuhumiwa walikuwa wawili tu, kwa hiyo hesabu ya bahati isingebadilika, lakini Mzee angelazimika kuchagua mtu wa kumla mara moja zaidi, na kila anachochagua fisi ni maandishi. Wakili pia angepata usiku mwingine wa kulinda. Hawakuwa na cha kupoteza kwa kusubiri.

Sasa suala la heshima. Ni rahisi kusema kundi lilimwogopa Mzee, lakini magumzo yanaonyesha kitu chembamba zaidi. Hakuna aliyekataza kumtuhumu. Kilichokosekana ni namna ya kumtuhumu. Unamwamkia mtu shikamoo saa moja asubuhi, utamwitaje mwongo saa mbili usiku kwenye kundi hilohilo? Njia iliyokuwepo ilikuwa moja, utani, na mwenye leseni ya utani alikuwa mmoja. Mtani aliitumia siku ya kwanza, na kwa kuitumia akaichakaza: siku ya nne alipomaanisha, watu walishazoea kucheka. Mzee alilijua hilo. Usiku aliomla, aliandika kwenye kundi la fisi, lililobaki na yeye na mimi tu: "Huyu ndiye peke yake aliyeniona, na bahati yangu ni kwamba anaonwa mcheshi." Lile swali lake la mwisho kwa Fundi, "na umri huu mimi nidanganye?", halikuwa hoja. Lilikuwa mlango unaofungwa. Fundi angejibu ndiyo, angekuwa amemtukana mtu mzima. Akanyamaza, na kunyamaza kukahesabiwa tena kama dalili.

Mwalimu alicheza vizuri kwa kura na vibaya kwa maneno. Alitaka kumwokoa Mtani, akaandika sentensi ya mtu anayejua. Kama uhakika ni mali ya fisi, basi raia mmoja aliyenao lazima auvae sura ya shaka. Angeweza kumtetea Mtani kwa sababu za kawaida: kwamba mwenye ugomvi wa hadharani na Shemeji asingekuwa mjinga wa kumla usiku uleule. Hoja hiyo ilikuwa mezani, haihitaji uonaji. Wakili alimwokoa kwa ustadi, na siku ya tatu ikawa siku bora ya raia, lakini kuanzia hapo Mwalimu alikuwa na usiku mmoja tu wa kuishi. Jibu lake kuhusu Fundi, ambalo peke yake lingemaliza mchezo, lilipotea kwa sababu hakuacha nyuma hata fununu ya nani atamuuliza. Mwonaji anayejua ataliwa husema mchana: "Leo namuuliza fulani." Fisi wakisikia, wana mashaka ya kumla au la; raia wakiamka, wanajua pa kuanzia.

Fisi nao walikosea mara moja, na ingewagharimu. Mhasibu kuwa wa mwisho siku mbili mfululizo ni uzembe. Alidhani kuja mwisho na kusema "sipendi" kunaonekana kama huruma. Mtani peke yake alilisoma jambo hilo, na alilisoma kwa kurudi juu kwenye mazungumzo na kuorodhesha nani alipiga wa ngapi. Kazi hiyo haikumchukua muda. Wengine kumi walikuwa na maandishi yaleyale kwenye simu zao.

Yaliyobadilika kundini

Tangu mchezo huo, kila asubuhi naweka jedwali la kura zote zilizopigwa tangu mwanzo, kwa mpangilio wa muda, na zilizobadilishwa zikiwemo. Wachezaji wanaitwa kwa namba mchezo unapoendelea; salamu na shikamoo zinabaki kwenye kundi la kawaida. Aliyependekeza namba ni Mzee mwenyewe, akisema alichoka kushinda kirahisi. Mwenye zamu au safari ananiarifu mapema, nami natangaza kwamba namba fulani hatakuwepo hadi saa fulani.

Mchezo uliofuata walimtoa Mzee siku ya kwanza, kura saba, Dada Mkubwa akiongoza kwa maneno makali na bila chembe ya shaka. Mzee alikuwa raia. Fundi, ambaye safari hii alikuwa fisi, alipiga kura ya pili.